Kilama kwa L: Tunamuaga Mzee Bonny Ogwal wa Meza ya Majina

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024, Mzee Bonny Ogwal anastaafu baada ya kuutumikia Mfuko wa Ruzuku ya Mbegu za Mafuta kwa miaka thelathini na miwili na miezi miwili. Aliajiriwa Aprili 1992 akiwa karani wa daraja la mwisho. Anaondoka akiwa Ofisa Mkuu wa Orodha za Wakulima, cheo kirefu chenye mshahara mfupi. Sisi wa ghorofa ya pili hapa Kawempe, Kampala, hatukuwahi kukitumia cheo hicho. Kwetu alikuwa mzee wa meza ya majina.

Mkurugenzi ameniomba niandike wasifu wa kuchangamsha, kurasa chache tu, usomwe kabla ya kukata keki. Nimejaribu. Nimekaa chumba kimoja na mzee huyu miaka kumi na tisa na penye kicheko nitacheka. Lakini kwa jinsi wiki hii ilivyotutenda, atakayetaka kuchangamka mwanzo mpaka mwisho na aingojee hiyo keki.

Kwa wageni wasiotujua, kazi ya Mfuko ni rahisi kuieleza. Serikali iliwaambia wakulima wapande ufuta na alizeti, nayo itawarudishia sehemu ya gharama ya mbegu na ya kulimisha. Mkulima anapanda kwanza, hela inakuja nyuma. Sisi tuliajiriwa ili huko nyuma kusiwe mbali sana. Tumeshindwa, na Jumatatu tarehe mosi Julai Mfuko unafungwa kabisa, kwa hiyo mzee anastaafu siku tatu tu kabla ofisi yake haijamfuata.

Mzee Ogwal alizaliwa Juni 1964, mtoto wa koplo wa polisi kutoka Lango, kaskazini, akakulia kota za polisi Naguru. Kiswahili chake ni cha huko kambini, hakina haya wala ngeli. Baba yake alimpa urithi wa sentensi moja, nasi wote tumeisikia mpaka tukaikariri: jina likisomwa vibaya, mtu hayupo. Asubuhi moja kwenye kuita majina, ofisa mgeni alimsoma askari Ochola kuwa Ojola. Ochola akanyamaza, kwa kuwa Ojola si yeye. Akaandikwa mtoro, akakatwa mshahara wa wiki, na mkewe akaja kuomba unga kwa kina Ogwal.

Urithi wa pili aliupata shuleni, hapa hapa mjini, kwa mwalimu wa Kiganda aliyekuwa na fimbo na kanuni. Kanuni ilisema hivi: baada ya e na i andika r, kwingine kote andika l. Kwa Kiganda kanuni hiyo haina kasoro. Mtoto wa Kilango aliyekosea alichapwa, na Bonny alichapwa mpaka kanuni ikamwingia mkononi. Mimi mwenyewe ni Mbukusu wa Bungoma, b na p zikinipita njiani sizitofautishi, kwa hiyo simcheki mtu. Ninaieleza kanuni hii kwa sababu ndiyo iliyomfuata mzee maisha yake yote.

Mwaka 1992 alitumwa kaskazini, kaunti ya Lakwela, kuandika orodha ya kwanza ya wakulima baada ya vita. Alikaa siku kumi na saba akihama kijiji hadi kijiji, akaandika majina elfu moja na mia tatu kwa mkono, mwandiko mzuri ambao mpaka leo vijana wa kompyuta huja kuushangaa. Mkuu wake alimsifu kwa barua. Barua hiyo mzee anayo, ila ameigeuza uso ndani ya droo.

Miaka ile tulilipa hela mkononi. Hadithi anayoipenda zaidi ni ya mwaka 1995, pikapu ya Mfuko ilipozama kwenye tope la mto ikiwa na sanduku la chuma lililojaa noti. Askari wawili wa ulinzi walivua buti wakaketi ukingoni kuwaza. Wakulima waliokuwa wakingoja ng'ambo walivuka, wakalibeba sanduku kichwani, wakalitua mbele ya meza, kisha wakarudi kwenye mstari kusubiri kuitwa. Hakuna aliyesogea mbele kwa sababu eti amebeba. Haikupotea hata shilingi. Mzee akiisimulia hii husimama, na mwisho wake husema kwamba watu wa namna hiyo hawakustahili karani wa namna yake. Zamani tulidhani ni unyenyekevu tu.

Kisha vita vikaigeukia Lakwela yenyewe. Watu wakaingizwa kambini, mashamba yakaota nyasi, na malipo yakasimama kwa zaidi ya miaka kumi. Mzee alibaki na orodha. Aliipangusa vumbi kila Januari, na alipopata habari ya msiba aliweka msalaba mdogo wa penseli pembeni ya jina. Nilipoajiriwa mwaka 2005, siku yangu ya kwanza, nilimkuta akiweka misalaba hiyo. Nilidhani anahakiki hesabu, nikamwambia, "Mzee, naona kazi inakwenda." Aliniagizia kikomando, chapati na maharage, akasema karani asianze kazi na njaa ya jana.

Nyumbani kwake ni Luzira, palipo na gereza kuu. Mama Safinah, mkewe, ni askari magereza mstaafu, na nyumba yao imekuwa ya ofisi nzima: Idd tunakula pilau ya Mama, Krismasi tunakula nguruwe wa Mzee, na vyombo havichanganywi. Kila jioni akiaga kwamba anarudi Luzira, wageni wasiojua humpa pole kwa kudhani ni mfungwa wa ruhusa. Na kwa miaka thelathini na miwili hapa ofisini ameitwa "Ogwali", maana ulimi wa Kampala haupendi jina liishie hewani. Hakuwahi kumsahihisha mtu. Hata keki ya leo, nimeichungulia, imeandikwa Ogwali.

Sasa niseme la mwaka 2021. Ruzuku ilirudi kwa nguvu: misimu mitatu ya alizeti, na malipo yote kwa simu. Tukashangilia. Mfumo mpya ulilinganisha jina la mkulima kwenye orodha yetu na jina la kitambulisho chake, herufi kwa herufi. Lakwela pekee ilirudisha majina mia sita na kumi na moja. Watu walikuwepo, vitambulisho vilikuwepo, alizeti ilishavunwa. Mashine ikasema hawajulikani.

Mzee Ogwal alishuka stoo, akapanda na kile kitabu cha 1992. Alikifungua mezani, akakaa nacho bila kugeuza ukurasa. Mkulima Olara alikuwa ameandikwa Olala. Odur alikuwa Odulu. Kilama alikuwa Kirama. Baada ya e na i, r. Kwingine kote, l. Mkono wa kijana wa miaka ishirini na saba uliandika majina ya kaskazini kwa kanuni ya fimbo ya Kampala, na orodha zote zilizofuata zilinakiliwa kutoka humo. Wakati wa hela mkononi hakuna aliyeumia, kwani aliitwa Kirama, Kilama akaja, akaweka dole gumba, mambo yakaisha. Mashine haina masikio.

Katika mkutano wa wafanyakazi, watu walipokuwa wakilaumiana, machifu, mtandao, hata wakulima wenyewe kwa kutojua majina yao, mzee alisimama. "Hii makosa ni yangu," alisema. "Mimi ndio niliandika. Nilikuwa nasikia vizuri, mukono ikaandika ingine." Akaketi. Katika ofisi ambayo sijawahi kuona mtu akikiri kuvunja hata kikombe, mzee wa miaka hamsini na saba alikiri kosa la miaka ishirini na tisa. Siku hiyo nilimpenda, na siku hiyo nilianza kumhurumia.

Tangu hapo kazi yake ilikuwa moja: kurekebisha. Kila jina lilihitaji fomu, barua ya mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, nakala ya kitambulisho na idhini ya kamati, na kamati yetu mnaijua, ikiwa na akidi haina chai na ikiwa na chai haina akidi. Mzee aliongeza sharti lake mwenyewe. Hakutuma jina lolote kabla hajampigia mwenye jina simu na kulisikia likitamkwa na kinywa chake. "Ni L ya Luzira ama R ya Rubaga?" aliuliza. Ndipo ofisi nzima ikaanza kubishana, kwa kuwa nusu yetu husema Lubaga, na vibao vya barabarani navyo havijaafikiana. Tulicheka hadi machozi. Naye alicheka, kisha akaandika kwenye daftari lake jekundu: amesikika.

Kati ya mia sita na kumi na moja, alifanikiwa kulipisha mia mbili arobaini na wanne. Mia tatu arobaini na wanne walifariki, walihama, waliuza mashamba, au walimwambia kwa adabu asiwapigie tena. Wakabaki ishirini na watatu.

Mmoja wao alikuja mwenyewe mwezi wa Machi. Mama Santina Kilama, mjane wa mwanajeshi, alikuwa amemleta dada yake hospitali ya Mulago, na kutoka huko akapanda mpaka kwetu akiuliza njia. Alikuwa amepanda alizeti ekari mbili misimu yote mitatu kwa neno la serikali. Mbegu na maksai wa kulimia alikopa kwa mfanyabiashara, akaweka shamba rehani kwa karatasi mbele ya LC. Mwisho wa karatasi ni tarehe 30 Juni. Alikuwa anatudai shilingi milioni moja na laki mbili na sitini, na zingetosha kulikomboa shamba na kubaki na chumvi.

Mzee alimpisha kiti chake, akamfungulia kitabu, akamwonyesha mwandiko. Mama yule aliutazama sana. Alikaa na mumewe kambi za jeshi Jinja na Mubende, kwa hiyo Kiswahili anacho. "Mimi iko Kilama," alisema. "Huyu Kirama mimi hapana jua yeye. Kama munamupata, mumwambie alete hela yangu."

Tulicheka, naye akacheka. Mzee hakucheka. Alimwahidi kwamba kabla hajastaafu atalipwa.

Alipoondoka nilimwambia mzee aiweke fomu ya mama huyo juu ya nyingine zote. Akakataa. "Dada Loice, foleni ni foleni. Wale walibeba sanduku, walirudi nyuma kwa line. Mimi niruke mutu, yule nimeruka nitamwambia nini?" Nikamjibu kwamba hatamwambia chochote kwa sababu hatajua. Hakunisemesha mpaka kesho yake. Naliandika hili kwa kuwa bado naamini nilikuwa sahihi, na najua vilevile kwamba kama angenisikiliza asingekuwa Ogwal.

Kamati ilikosa akidi Aprili, ikakosa tena Mei. Jumatatu wiki hii, tarehe 24, ilikaa. Fomu zote ishirini na tatu zikapita kwa dakika kumi na moja. Tangazo lilisema mfumo utafungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, na hela zisizolipwa zitarudi hazina. Jumanne asubuhi Travis Ondiek, fundi wetu wa mfumo, alipanda ngazi mbili mbili akasema tutume sasa hivi, mambo ya juu hayaaminiki. Mzee akamwambia angoje, bado hajawasikia wenye majina. Majina hutumwa kwa fungu moja na saini moja, naye hangetia saini fungu ambalo hajalisikia lote. Aliogopa kukosea mara ya pili. Mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na wetu alikuwa ameumwa na herufi.

Mpaka Jumanne jioni alikuwa amewasikia ishirini na wawili. Simu ya Mama Santina ilikuwa imezimwa. Alimpigia tena Jumatano saa mbili, saa tatu, saa nne. Travis alikuja mara mbili akasimama mlangoni. Mimi nilimwambia, "Mzee, Kilama tumeshamsikia Machi, alikuwa hapa, alikalia kiti chako." Akasema Machi si leo, pengine kitambulisho kimebadilishwa, apige mara moja tu nyingine.

Saa sita na dakika kumi mfumo ulifungwa. Kwa kuwa Mfuko unavunjwa, iliagizwa vitabu vifungwe mapema. Agizo lilitufikia baada ya kutekelezwa. Travis alipanda tena kutuambia akiwa na uso wa mtu aliyefiwa, na mzee akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama kuna mlango mwingine. Hakuna. Jumatatu ofisi yenyewe haitakuwepo. Ishirini na watatu hawana pa kudai tena, na fomu zao zimejazwa sawasawa, zimepigwa mihuri, kila L mahali pake.

Mzee alitafuta namba ya yule mfanyabiashara, akampigia. Alijitolea kulilipa deni lote kwa kiinua mgongo chake kitakapotoka, amwachie mama shamba. Yule bwana alimjibu kwamba pensheni ya serikali anaijua, baba yake bado anaingojea na alishazikwa. Shamba limekwishapimwa. Mnunuzi yupo.

Saa nane simu ya Mama Santina ikaita. Ilikuwa imelala sentani, kwenye maduka ya njia panda, tangu Jumanne, ikichajiwa na nyingine kwenye duka la kinyozi. Mzee alimweleza yote bila kujificha: kwamba jina limechelewa, kwamba mfumo umefungwa, kwamba aliyechelewesha ni yeye tena. Alisema, "Mama, nimekukosea mara mbili." Chumba kizima tuliacha kuandika. Kwenye simu wakasikika kuku.

Kisha mama akauliza, "Lakini sasa umeandika muzuri?"

Mzee akasema ameandika.

"Basi soma."

Alisimama. Sijui kwa nini alisimama, nadhani ni ile kambi ya polisi ya utotoni. Akalishika daftari jekundu kwa mikono miwili akasoma kwa sauti ya gwaride: "Santina Kilama."

"Niko," akasema mama. Simu ikakatwa.

Nimeambiwa niorodheshe mafanikio. Mzee Ogwal ni mshindi wa cheti cha mfanyakazi bora mara tatu. Hakuwahi kuchelewa kazini isipokuwa siku Mama Safinah alipojifungua mtoto wao wa mwisho. Alitufundisha makarani kumi na wanne kwamba jina la mtu si kijisehemu cha fomu. Jana nilimuuliza anataka kukumbukwa kwa lipi katika hayo. Alisema nisijisumbue, ila kama ukurasa una nafasi niyachapishe yale majina ishirini na matatu, yaliyo sawa, ili yawe yameandikwa vizuri mahali fulani hata kama ni kwenye karatasi ya sherehe. Mkurugenzi amesema nafasi haitoshi. Nimeyachapa kwa mashine yetu, yapo kwenye kila kiti, chini ya soda. Tafadhali msiyakalie.

Jumamosi asubuhi mzee atapanda basi la kaskazini kwa nauli yake, peke yake, na daftari lake. Anasema habari ya namna ile haiishii kwenye simu. Mama Safinah amemfungia chakula cha njiani na amekataa kumzuia. Hatujui atawaambia nini wale ishirini na watatu, naye amekiri kwamba hajui.

Kwa niaba ya ghorofa ya pili, na ya wakulima waliolipwa na wasiolipwa, asante kwa miaka thelathini na miwili, asante kwa kusimama siku ile na kusema ni wewe. Mama Safinah, tunakurudishia mumeo akiwa amechoka kuliko alivyokuja, utusamehe. Mzee wetu Bonny Ogwal, ambaye jina lake linaishia kwa L bila kitu mbele yake, nenda salama, upate usingizi na afya, na kokote utakakoitwa kuanzia kesho, wakusome sawasawa nawe uitike.

Loice Nanyama
Meza ya pili, dirishani